Siku ya Mashuka

Mke wa fundi redio walimwita Bi Pua, wala si kwa sababu ya ukubwa wa pua yake. Pua yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, usingegeuka kuitazama mara ya pili. Jina alilipata kazini. Alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, kule chini kwenye chumba cha kufulia, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kusimama mbele ya lundo la mashuka na kulichambua kwa kunusa. Hili jasho tu, maji ya uvuguvugu yanatosha. Hili limemwagikiwa pombe. Hili limelaliwa na mtu aliyejipaka dawa ya kuchua misuli, ukilichanganya na mengine umeyaharibu yote. Wenzake walitafuta madoa kwa macho mpaka macho yakawauma. Yeye aliinua ncha ya shuka, akavuta pumzi mara moja, akalitupa kwenye beseni lake. Mpiga pasi, mama mmoja mwenye maneno kuliko redio, alizoea kusema, "Mume wa huyu, jamani, akipitia pengine kabla ya kurudi nyumbani, amekwisha!" Watu wanacheka, naye anacheka, kazi inaendelea.

Na nyumbani vilevile. Maziwa yamechacha au bado? Mwiteni mama anuse. Fundi anaunguza waya kwenye kibanda chake pale barazani? Bi Pua alikuwa anampigia kelele kutoka jikoni kabla fundi mwenyewe hajaona moshi. Mvua aliijua kabla ya wingu. Binti yao mdogo akitoka shule alikuwa anavutwa kwanza, ananuswa shingoni, halafu anaulizwa, "Leo mmechezea udongo, eh?" Mtoto alikuwa anaamini kabisa kwamba mama yake ana uchawi.

Kisha akaja Matroni.

Matroni alikuwa mama mzazi wa fundi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana, mwanamke wa kukagua vitanda, kucha na nyuma ya masikio. Wasichana aliowatia adabu wameshakuwa bibi za watu, na mpaka leo wakikutana naye wanaficha mikono. Kiharusi kilipomwangusha kilimchukua mkono na mguu wa kushoto, na kikamchukulia pia uwezo wa kujizuia. Ulimi kilimwachia, tena mkali kama zamani. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo ulimi ule ulikataa katakata kulitamka, nalo ni kwamba amejichafua. Afadhali afe.

Bi Pua aliligundua hilo wiki ileile mama mkwe alipohamia kwao. Alikuwa anapita mlangoni na ndoo yake, harufu ikamfikia, akachungulia. Matroni alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, shingo imekakamaa, anasubiri aibu imkute. Bi Pua alimhurumia. Uongo ukamjia wenyewe mdomoni.

"Shikamoo mama. Leo siku ya mashuka, naomba nikusumbue kidogo."

"Marahaba," akasema. "Haya, kama ni siku yake."

Akamgeuza, akamsafisha, akamtandikia, huku wanawasengenya majirani. Lile lenyewe hawakuligusa. Kesho yake ikawa siku ya mashuka tena, na keshokutwa pia. Katika nyumba ile siku ya mashuka iliweza kuja asubuhi, ikarudi kabla ya chakula cha mchana, ikapita tena jioni, na hakuna aliyeshangaa. Nyumba ya wageni haikuwa mbali, kwa hiyo Bi Pua alikuwa anatoroka katikati ya zamu, anapita mlangoni kama anayetafuta kitu, anavuta pumzi, basi. Kama hakuna kitu anasalimia na kuondoka. Kama kipo, leo siku ya mashuka. Matroni alijua? Alijua sana, mtu aliyekagua vitanda miaka yote ile! Lakini hakuombwa kujua, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima aliyoachiwa. Mkamwana na mama mkwe wakapendana kwa njia hiyo ya ajabu, kila mmoja akimdanganya mwenzake kwa adabu.

Halafu yakaja mafua.

Mafua gani, ya kawaida tu, ya kupiga chafya na kulala na leso. Nyumba nzima iliugua na nyumba nzima ikapona. Bi Pua naye alipona, akarudi kazini, akasimama mbele ya lundo lake, akainua ncha ya shuka la kwanza, akavuta pumzi.

Kimya.

Akavuta tena. Akaufunika uso mzima kwa shuka kama mtu anayejifuta jasho. Hapakuwa na kitu. Akafungua chupa ya dawa ya kutoa madoa, ile ambayo watu wakiifungua wanageuza shingo, akaiweka chini ya pua. Macho yakamtoka machozi, lakini harufu, wapi.

"Mpiga pasi," akasema, "mimi sisikii harufu."

"Bahati yako!" mpiga pasi akamjibu bila kuinua uso. "Ungejua mimi ninavyonuka leo."

Wakacheka. Ni kweli, ukisema huoni, watu wanakushika mkono. Ukisema husikii, wanapaza sauti. Ukisema hunusi, wanakutania. Kwani ni ugonjwa huo? Wiki ile Bi Pua alichanganya shuka la dawa ya kuchua na mashuka ya watu wengine, wageni wakalalamika ghorofa nzima, na msimamizi akamhamishia kwenye meza ya kukunja. Hakumfokea hata. Alisema tu, "Pumzika kidogo, dada." Bi Pua akakunja. Alingoja aone kama ataumia, asiumie, akaendelea kukunja.

Maana hicho ndicho alichoshindwa kumweleza mtu. Harufu haikuondoka peke yake, ilibeba na vitu vingine. Chai ikawa maji ya moto. Chakula kikawa kitu cha kutafuna mpaka kiishe. Alikuwa akimkumbatia mtoto wake anapotoka shule, anaweka pua palepale shingoni, na ni kama anamkumbatia mtoto wa jirani, mtoto mzuri, mwenye adabu, lakini wa jirani. Usiku fundi alilala pembeni yake kama mto mrefu. Mvua ilinyesha bila kumwarifu. Akiingia nyumbani kwake alikuwa anasimama kidogo mlangoni, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hakuwa na huzuni, laiti angekuwa nayo. Alikuwa amekufa ganzi, na mwenye ganzi hajui pa kujikuna.

Alimwambia mumewe jioni moja.

"Baba, tangu yale mafua sisikii harufu ya kitu. Na najisikia vibaya. Yaani, sijisikii."

Fundi alikuwa ameinamia redio ya mtu, bisibisi mdomoni. "Itarudi," akasema. "Na mimi nikiwa na mafua ndivyo hivyo." Akawasha redio kuijaribu, ikaongea, akafurahi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Unaweza kuuliza, si angemwambia Matroni basi? Ee, hapo sasa! Amwambie nini? "Mama, sinusi tena"? Hiyo ingekuwa ni kumwambia kwamba siku zote alikuwa anamnusa. Kwamba hapakuwa na siku ya mashuka hata moja, ilikuwa harufu yake ndiyo inamwita mtu kutoka jikoni. Uongo wote ule wa adabu angeuvua nguo mbele ya mwenyewe. Bi Pua alilifikiria jambo hilo akiwa mezani anakunja, akaona hapana, heri atafute njia nyingine.

Njia nyingine ilikuwa ipi? Kubahatisha. Siku moja alifunua shuka, kavu. Matroni akamtazama kwa yale macho ya bweni.

"Unatafuta nini?"

"Leo siku ya mashuka, mama."

"Umeshabadilisha asubuhi." Kisha, polepole, "Kwani nanuka?"

"Hapana, mama! Hapana."

Baada ya hapo hakuthubutu tena. Alibadilisha asubuhi na jioni kwa saa, kama hospitali, na kati ya hapo alipita mlangoni, akavuta pumzi kwa mazoea tu, akasalimia, akaondoka. Alikuwa akimwona Matroni ameugeukia ukuta. Akadhani amelala.

Naye Matroni, huko ukutani, akafikia jibu lake mwenyewe. Mkamwana amechoka. Anasimama mlangoni, anavuta pumzi, anajua kabisa, halafu anasema shikamoo na kwenda zake. Sawa, mtu huchoka. Hakumlaumu. Alichofanya ni kuacha kunywa maji. Akiletewa kikombe anasema ameshakunywa. Midomo ikaanza kumpasuka, mgongo ukaanza kuchubuka kwa kulala penye unyevu, na neno lile moja akaling'ang'ania vilevile.

Aliyefumua mambo ni wifi. Dada wa fundi alikuwa na duka la vitambaa mji mwingine, mwanamke wa haraka, mwenye roho nzuri na mdomo mbaya. Alikuja bila taarifa, akaingia chumbani kwa mama yake, akatoka palepale mkono puani.

"Wifi! Hivi unaishi humu ndani?"

Bi Pua alisimama na sahani mkononi. "Karibu, wifi."

"Karibu wapi? Mama ananuka mpaka sebuleni! Umeuona mgongo wake? Eti Bi Pua! Pua ya kunusia mashuka ya wageni ipo, ya mama wa mumeo haipo?"

Maneno mazito hayo, na Bi Pua aliyasikia yote. Alijua kwamba hapa ndipo mtu hulia, au huapa, au hurusha sahani. Akaingoja hasira ije. Haikuja. "Ndiyo, wifi," akasema, akaenda kuchota maji. Wifi aliona vile alivyosema, bila hata kope kutikisika, akaamini kwamba huyu mwanamke moyo umemwota sugu. Akamgeukia kaka yake: Jumamosi anakuja na gari, anamchukua mama. Kwake kuna nafasi, kuna msichana wa kazi, na ataajiri mwingine. Fundi akajikuna kichwa. Wakamwuliza Matroni mwenyewe.

"Nitakwenda," Matroni akasema, bado anautazama ukuta. "Nimewalemea vya kutosha."

Bi Pua alikuwa anamsafisha wakati huo. Hakutaka aende. Alijua hataki, alikuwa na hakika, lakini alilijua kwa kichwa tu, kama unavyojua leo ni siku gani. Mama huyu ageuzwe na mikono ya watu asiowajua, wamfunue bila kumsalimia, waseme kwa sauti, "Bibi umejikojolea tena"? Atakufa mwezi huohuo. Wazo hilo lilikaa kichwani likakataa kushuka moyoni. Akamaliza kumfuta, akamfunika, akatoka na beseni.

Jumamosi gari likaja. Dereva akakaa barazani kwa fundi, mlango wa chumba wazi ili mzigo utolewe. Nguo za Matroni zilikuwa zimeshakunjwa, maana kukunja ndiyo kazi iliyobaki. Wifi alikaa kwenye kiti miguuni pa kitanda, analinda kila kitu kwa macho. Bi Pua alikuwa ameshamsafisha mama mkwe kwa safari, akamlaza kifudifudi, na sasa anataka kumpaka mafuta palepale mgongoni palipochubuka. Akaichukua chupa ya plastiki dirishani, isiyo na karatasi, yenye kitu cheupe kama maji. Mafuta ya nazi yalikuwa yanakaa palepale siku zote. Akafungua, akajimiminia kiganjani tele.

Wifi akaruka kwenye kiti. "Wee! Wee wifi! Unataka kumchoma mama?"

Dereva naye akainuka barazani, anachungulia. "Nani amemwaga mafuta ya taa?"

Fundi akaja mbio, akaona chupa, akashika kichwa. Ilikuwa yake. Aliitilia mafuta ya taa ya kusafishia vyuma vya redio, akaiweka dirishani wakati anamfungia mama yake pazia, akaisahau. Chumba kizima kilikuwa kinanuka, wifi anapepea kwa kanga, dereva anakohoa. Na katikati yao Bi Pua ameinama na kiganja kimejaa, anawatazama mmoja mmoja, hajui wamepatwa na nini.

"Mafuta ya taa yapi?" akauliza.

Akakileta kiganja puani mbele ya watu wote. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, mpaka mabega yakapanda. Kisha akamtazama wifi yake kwa uso uleule mtupu. "Haya si ya nazi?"

Matroni alikuwa ameshageuza shingo kadiri kiharusi kilivyomruhusu. Akamtazama mkamwana wake, akatazama kile kiganja.

"Nisogezee mkono," akasema. Akaunusa. "Haya mafuta ya taa, mwanangu. Husikii?"

"Sisikii, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

Matroni alifumba macho. Unaweza kudhani alikuwa anasali, lakini alikuwa anahesabu: kila mara mtu alipokuja mlangoni, akavuta pumzi, akasema shikamoo na kuondoka. "Mungu wangu," akasema. "Na mimi nikadhani umenichoka."

"Sijakuchoka, mama."

"Mbona hukusema?" wifi akaingilia, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ungetuambia, wifi. Jambo kama hilo mtu anakaa nalo kimya?"

"Aliniambia mimi," fundi akasema. Alikuwa anatazama sakafu. "Aliniambia, nikawasha redio."

Bi Pua akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa sabuni muda mrefu, maana hakuwa na njia ya kujua harufu imetoka au haijatoka. Aliporudi alimkuta wifi amekaa pembeni ya kitanda, ameshika mguu wa mama yake, anazungumza kwa upole kabisa. Ule ugomvi umekwisha, lakini hoja imebaki palepale. Alikuwa anasema, samahani sana wifi, nimekusema vibaya, lakini tuwe wakweli. Mtu asiyesikia harufu atamwuguzaje mgonjwa ambaye hasemi? Utajuaje? Na mama mwenyewe tunamjua, hatasema. Hata mimi nikimzaa upya hatasema.

Wote wakamtazama Bi Pua. Wifi alikuwa amesema kweli tupu. "Sitajua," akasema. "Asiposema, sitajua."

Fundi akaishika ile mizigo. Dereva akaja mpaka mlangoni kumsaidia, akasimama pale na funguo zake, kijana mgeni, asiyemjua mtu hata mmoja katika nyumba ile. Wakamlaza Matroni chali, wakamfunika vizuri. Alikuwa anatazama dari, taya zinatembea kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Uso ukamwiva. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Nimejichafua," akasema.

Alilisema kwa sauti ya bwenini, ile ya kufika kitanda cha mwisho. Mwanawe wa kiume amesimama hapo, binti yake hapo, mgeni na funguo mlangoni. Fundi akageuza uso haraka. Dereva akarudi nyuma mpaka barazani, karibu aanguke kwenye ngazi.

"Mwanangu," Matroni akasema, na safari hii hakuutazama ukuta, alimtazama Bi Pua machoni. "Nimesema nimejichafua. Njoo unisafishe."

Bi Pua akapiga magoti, akafunua shuka. Akaupitisha mkono chini, huku na huku, mpaka kwenye mpira uliotandikwa juu ya godoro. Akaupitisha tena.

"Mama," akanong'ona. "Pakavu."

"Najua pakavu," Matroni akasema. "Nilitaka kuona kama nitaweza."